Tuwalazimishe akina baba kuingia kliniki?

Swali: Shikamoo mama. Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba, mtoto wetu wa kwanza. Nimemsindikiza kliniki mara tatu, na mara zote nimeishia kwenye benchi la nje nimeshika mkoba wake. Kazini kwetu kamati ya wafanyakazi imeombwa ipendekeze kanuni mpya kuhusu akina baba wanaotarajia watoto, na mimi ni mjumbe. Baadhi ya wenzangu wanasema likizo ikitolewa hivihivi wanaume wataitumia kwa mambo yao, kwa hiyo kila baba alete kwanza uthibitisho kwamba amehudhuria kliniki. Wengine wanataka tuishauri serikali iwaagize wahudumu wasimpokee mjamzito aliyekuja peke yake, eti hapo ndipo wanaume watakaposhtuka. Wewe umekuwa mkunga kwa miaka mingi na umeshiriki kuandika miongozo. Tupendekeze nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa safari hizo tatu, hata kama ziliishia kwenye benchi. Nitaanza na lile ninalowaomba msilipendekeze kabisa, kwa sababu nimelishuhudia likitekelezwa.

Wazo la kumrudisha nyumbani mjamzito aliyekuja bila mwenza lilizaliwa kwa nia njema. Mipango ya kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ilipoenea, sisi wahudumu tuliona mama akipimwa peke yake na kupewa dawa peke yake, akifika nyumbani anazificha. Ikaonekana ni heri wenza wapimwe pamoja. Miongozo ilitumia neno "kuhimiza". Lakini neno hilo likifika kituoni, ambako kila mwezi mtu anadaiwa idadi ya wenza waliopimwa, linageuka kuwa sharti. Watafiti waliofuatilia jambo hili Tanzania na Malawi walikuta wanawake waliokuja peke yao wakihudumiwa mwisho, au wakiambiwa warudi na mume. Kwingine walitakiwa kwenda kwanza kwa kiongozi wa kijiji au mtaa kuomba barua ya kueleza kwa nini mume hayupo.

Siku moja aliingia chumbani kwangu binti mwenye mimba ya miezi mitano hivi, na nyuma yake kijana aliyejitambulisha kuwa mumewe. Nikamuuliza kijana mimba iliyotangulia iliishaje. Akamtazama yule binti. Nikauliza kama kuna dawa yoyote mwenzake anayotumia, akamtazama tena. Binti akainamisha kichwa, machozi yakaanza kudondokea kadi ya kliniki aliyokuwa ameikunjakunja mkononi. Kijana alikuwa dereva wa pikipiki iliyomleta. Binti alikuwa amemlipa aingie naye, kwa sababu wiki iliyotangulia alikuja peke yake akarudishwa. Mwanamume aliyempa mimba alikuwa ameondoka tangu mwezi wa pili wa ujauzito. Kwa ajili ya sharti letu binti huyu alikuwa amepoteza wiki nzima, na hela aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kwenda kujifungua imepungua.

Hebu tazama adhabu ile ilimwangukia nani. Yule mwanamume aliyekimbia hakupungukiwa na chochote. Alipungukiwa aliyeachwa. Na ukiwahesabu wanaokuja kliniki peke yao utamkuta mjane, utamkuta ambaye mume yuko mbali kikazi, utamkuta msichana aliyebakwa, utamkuta anayepigwa nyumbani na ambaye saa ile ya kliniki ndiyo saa pekee ya wiki anayopumua. Hao ndio wanaohitaji huduma kuliko wote. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2015, linaunga mkono kuwashirikisha wanaume wakati wa ujauzito, kujifungua na baada ya kujifungua, ila linaweka sharti moja, kwamba ushirikishwaji huo uheshimu uchaguzi wa mwanamke na uhuru wake wa kujiamulia. Ikiwa kamati yenu itachukua sentensi moja tu kutoka kwangu, naomba iwe hiyo. Mama ndiye mwenye mwili, na ndiye anayesema nani aingie.

Sasa nije kwa wewe uliyekaa kwenye benchi, maana kosa la kukuacha pale ni kubwa pia, na kwa kawaida halizungumzwi.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba baba anahitajika kwa nauli, kwa sahihi na kwa damu ya kuongezea. Tukishavipata hivyo, tunamwambia asubiri nje. Lakini kinachoua wazazi baada ya kujifungua mara nyingi huanza nyumbani, usiku, mhudumu akiwa hayupo, na mwenye kuona dalili mapema ni yule aliyelala chumba kimoja na mgonjwa. Nakumbuka baba mmoja aliyenipigia simu usiku, siku ya tano tangu mkewe aruhusiwe kutoka wodini. Hakusema "mke wangu anaumwa". Alisema, "Anasema kichwa kinampasuka, na taa inamchoma macho, na uliniambia hivyo viwili vikija pamoja nisingoje asubuhi." Hakungoja. Alipofika hospitali shinikizo la damu la mkewe lilikuwa limepanda kiasi cha kuleta kifafa cha mimba, ambacho watu wengi hudhani kinakwisha mtoto akishatoka, kumbe kinaweza kumshika mzazi siku na hata wiki kadhaa baadaye. Yule baba hakuwa na elimu yoyote ya afya. Alichokuwa nacho ni dakika kumi alizokaa ndani na mkewe wakati tunawaeleza dalili za hatari kabla ya kuwaruhusu. Angekuwa nje kwenye benchi, mkewe angeyasikia peke yake, akiwa hajalala siku mbili, mtoto analia mkononi.

Si kisa changu tu. Jijini Kathmandu, Nepal, lilifanyika jaribio ambamo wajawazito wengine walielimishwa peke yao na wengine pamoja na waume zao. Waliofundishwa pamoja na waume zao walirudi kliniki baada ya kujifungua kwa wingi kuliko waliofundishwa peke yao. Rwanda nako mpango uitwao Bandebereho uliwakusanya wanaume kwenye vikao 15, vingine wakiwa na wenza wao, wakazungumza ujauzito, malezi, maamuzi ya nyumbani na ugomvi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wake zao walihudhuria kliniki zaidi, walisindikizwa zaidi na, hili ndilo linalonigusa, waliripoti kupigwa kwa kiwango kidogo kuliko wanawake wa kundi la kulinganishia, yaani wale ambao waume zao hawakuwa kwenye mpango. Na hakuna mtu aliyelazimishwa. Walialikwa, wakaketi na wanaume wenzao, wakasikilizwa.

Kwa hiyo katika upande wa vituo vya afya, ombeni mambo yanayomfungulia baba mlango bila kumnyang'anya mama ufunguo. Kila hudhurio liwe na sehemu mbili. Kwanza mama anaonana na mhudumu peke yake, kila mara, hata kama ndoa yao inang'aa kama taa, kwa sababu maswali ya ukatili na ya siri za mwili hayaulizwi mbele ya mtu wa pili. Utaratibu huo ukiwa wa wote, hakuna mume atakayejiuliza kwa nini mke wake peke yake ndiye aliyeitwa pembeni. Halafu mama akiridhia, baba anaitwa ndani, anapewa kiti, anaongeleshwa yeye pia, anasikia mapigo ya moyo wa mtoto, anaambiwa dalili za hatari kwa maneno ya kawaida na kuombwa azirudie.

Na leba? Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwanamke awe na mtu wa kuwa naye wakati wa uchungu, mtu aliyemchagua mwenyewe. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, uliokusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000, ulikuta kwamba aliyekuwa na mtu wa kumtegemeza muda wote wa uchungu alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake ulikuwa mfupi, na hatari ya kupasuliwa ilipungua. Mtu huyo anaweza kuwa mume, dada au mama mzazi. Mimi nafurahi akiwa mume, lakini mke wako akimtaka dada yake, usilichukue kama tusi.

Kinachozuia mengi ya haya si mila, ingawa ndiyo tunayoisingizia. Ni pazia. Nenda kwenye wodi nyingi za kujifungulia utakuta vitanda vimepangwa sambamba, hakuna kitu kati ya mwanamke mmoja na mwingine. Muuguzi wa zamu hawezi kumruhusu mume wa kitanda cha kwanza aingie wakati mama wa kitanda cha pili yuko wazi. Ana haki kabisa kukuzuia. Nimeona miongozo mizuri, imechapwa kwa rangi, inasema baba anakaribishwa, kwenye majengo ambayo hayana pazia hata moja. Sera isiyoandikiwa bajeti ya pazia, reli yake na kiti cha msindikizaji haitamwingiza baba yeyote. Kama mna mbunge au diwani wa kuandikia barua, mwandikieni kuhusu pazia.

Nije kwenye likizo, ambako kamati yenu ina mamlaka ya kweli.

Wenzako wanaohofia kwamba wanaume wataitumia vibaya wanapigana na tatizo ambalo historia inalionyesha kinyume. Tatizo la kwanza la likizo ya baba ni kwamba wanaume hawaichukui. Sweden ilikuwa ya kwanza, mwaka 1974, kuigeuza likizo ya mama kuwa ya wazazi wote wawili wagawane wapendavyo. Mwaka huo akina baba walichukua nusu ya asilimia 1 ya siku zote. "Mgawane wapendavyo" iligeuka kuwa "achukue mama", kwa sababu mshahara wa mama kwa kawaida ulikuwa mdogo na bosi wa baba alinuna. Norway ikajifunza. Mwaka 1993 ilitenga wiki 4 za baba peke yake, zenye malipo, ambazo asipozichukua zinapotea, mama hawezi kuzirithi. Ndani ya miaka michache idadi ya akina baba waliochukua likizo ilipanda kutoka chini ya asilimia 5 hadi kiasi cha asilimia 70. Sweden ikafuata mwaka 1995 kwa mwezi mmoja uliotengwa, ikaongeza wa pili mwaka 2002 na wa tatu mwaka 2016.

Malipo nayo ni lazima, lakini hayatoshi peke yake. Japani ilikuwa na likizo ya baba ndefu kwenye vitabu, kati ya zile ndefu kuliko zote duniani, tena yenye malipo. Mwaka 2015 waliochukua hawakufika asilimia 3. Wanaume waliogopa macho ya wenzao. Kuanzia 2022 sheria ikamtaka mwajiri mwenyewe amfuate kila mfanyakazi anayetarajia mtoto, amweleze haki yake na kumuuliza kama ataitumia. Ikaongezwa likizo ya hadi wiki 4 ndani ya wiki 8 za kwanza, inayoweza kuchukuliwa kwa mikupuo miwili. Mwaka uliofuata kampuni kubwa zikaamriwa kutangaza hadharani ni akina baba wangapi wameichukua. Kufikia 2024 walikuwa wamevuka asilimia 40. Aliyesukumwa na sheria hapo ni mwajiri. Hakuna baba aliyelazimishwa.

Hapo ndipo naomba mpendekeze kwamba ofisi ya utumishi ndiyo imwandikie mfanyakazi, asiwe yeye wa kwenda kubisha hodi akiomba kama anaomba msaada. Na mna jambo jingine lisilogharimu chochote: mkubwa awe wa kwanza. Watafiti waliochunguza akina baba wa Norway walikuta kwamba mwanamume ambaye mfanyakazi mwenzake alistahili likizo ile alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuichukua naye, na nguvu ya mfano ilikuwa zaidi ya mara mbili pale aliyetangulia alipokuwa meneja wa ngazi ya juu. Kama kuna mkuu wa idara kwenu anayetarajia mtoto, zungumzeni naye kabla hamjazungumza na mtu mwingine.

Kuhusu urefu, kila nchi ina kipimo chake. Shirika la Kazi Duniani lilipozihesabu nchi 185 katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikuta 115 zina likizo ya baba, na wastani wa dunia ni siku 9. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa wiki mbili zenye malipo kamili, ya Uganda ya 2006 siku 4 za kazi, ya Tanzania ya 2004 siku zisizopungua 3. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa zisishuke chini ya siku 10 za kazi. Kanuni ya mwajiri inaweza kupita kiwango cha sheria. Kinachokatazwa ni kushuka chini yake, kwa hiyo msiogope kuomba zaidi.

Lakini zaidi ya urefu, pigania namna siku zinavyoweza kutumika. Mwaka 2012 Sweden iliruhusu wazazi wote wawili wawe likizo kwa pamoja hadi siku 30 katika mwaka wa kwanza wa mtoto, siku mojamoja wanapozihitaji. Kabla ya hapo, ukiacha siku chache za mwanzo, mmoja akiwa likizo mwenzake alitakiwa kuwa kazini. Wachumi Petra Persson na Maya Rossin-Slater wa Chuo Kikuu cha Stanford walizifuatilia familia zilizojifungua kabla na baada ya badiliko hilo. Akina baba wengi walitumia siku chache tu za ziada. Hata hivyo, katika miezi sita ya kwanza baada ya kujifungua, akina mama walioandikiwa dawa za kutuliza wasiwasi walipungua kwa asilimia 26, na waliofika hospitali au kwa daktari bingwa kwa matatizo yanayotokana na kujifungua walipungua kwa asilimia 14.

Mimi nilipoyasoma hayo nilitikisa kichwa kwa kuyatambua. Siku za mzazi hazilingani. Kuna siku titi limevimba, homa imepanda, mtoto ameamka mara saba, na mama angelala kwa muda wa saa tatu tu angepona bila kufika hospitali. Mume akiweza kutuma ujumbe saa kumi na mbili asubuhi, "leo nabaki nyumbani", bila fomu na bila kupelekwa kwenye kikao, siku hiyo moja inafanya kazi ambayo wiki mbili za mfululizo zilizokwisha mwezi uliopita haziwezi kuifanya. Kwa hiyo pendekezeni mafungu mawili: siku za mfululizo mtoto anapozaliwa, na akiba ya siku za kuchukua mojamoja hadi mtoto atimize angalau miezi sita, kwa taarifa ya asubuhi ileile.

Msisahau siku za kabla ya kujifungua. Uingereza tangu 2014 humpa mwenza haki ya kwenda kwenye mahudhurio mawili ya ujauzito, ila bila malipo, na bila malipo ni wachache wanaothubutu. Ninyi ombeni saa zenye malipo. Uthibitisho uwe tarehe ya hudhurio kwenye kadi ya mama. Msidai mhuri kwamba baba ameingia chumbani, maana mnarudi palepale nilipoanzia: mama siku hiyo akipenda kuingia peke yake, mumewe ataadhibiwa kazini, na mama atajikuta akimruhusu aingie ili asimponze.

Kuna wanaume ambao kanuni yenu haitawafikia: vibarua, wavuvi, madereva, wenye biashara zao. Hao hawana ofisi ya utumishi. Kwao sera inayosaidia ni kliniki ya jioni au ya Jumamosi, na malipo ya likizo yanayotoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii badala ya mfuko wa mwajiri. Hata kwenu, gharama ikitoka kwenye mfuko wa pamoja, mwajiri mdogo hana sababu ya kumkwepa kijana aliyeoa jana.

Nawe mwenyewe jiangalie. Takriban baba mmoja kati ya kumi hupatwa na sonona katika kipindi cha ujauzito wa mwenza wake au mwaka wa kwanza wa mtoto, na kwa wanaume mara nyingi hutokea kwa sura ya hasira, ulevi au kukaa kazini hadi usiku. Mhudumu anayemhoji mama hali yake ya moyo wiki ya sita amuulize na baba aliyeketi pembeni. Ni swali la nusu dakika, nami nalitaka liwe kwenye fomu.

Kuhusu mke wako, leo usiku muulize kama anataka uingie naye hudhurio lijalo, na kama anakutaka leba au anamtaka mtu mwingine. Akishajibu, mwombeni mkunga aandike jina la msindikizaji kwenye kadi mapema, kabla uchungu haujaanza, kwa sababu usiku wa zamu yenye wagonjwa wengi jina lililoandikwa husikilizwa kuliko mtu anayebisha mlangoni. Tafuteni mapema usafiri wa usiku na namba ya simu ya kituo. Mtoto akishazaliwa, hesabuni angalau mahudhurio matatu: siku ya pili au ya tatu, wiki ya pili, na wiki ya sita. Kati ya hapo, akitokwa damu nyingi hadi kulowesha pedi ndani ya saa moja, akipata homa, kichwa kikali chenye ukungu wa macho, degedege, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, nendeni saa hiyohiyo. Mtoto akikataa kunyonya, akipumua harakaharaka, akiwa baridi au moto kupita kawaida, au akilegea, vilevile. Yaandike yote kwenye karatasi, uibandike pale unapoamkia.